Siku Ambazo Pikapu ya Kariuki Ilikaa Bila Sampu

Vijana, mkiona mafuta yamedondoka chini ya gari, msikimbilie spana. Anzeni kwa kuosha. Chukua mafuta taa na brashi kuukuu, sugua injini upande wote wa chini mpaka uone rangi ya chuma, kisha liwashe gari, lizungushe kidogo, urudi ulale chini uangalie. Nimewaona mafundi wenye vyeti wakishusha sampu, ile karai ya chini inayobeba mafuta ya injini, wakaweka gasketi mpya ya kuziba mdomo wake, wakafunga vizuri, na kesho yake gari linavuja vilevile. Kumbe mafuta yalikuwa yanatoka juu, kwenye kifuniko cha tapeti, yakiteremka polepole ubavuni mwa injini. Tafuteni mahali pa juu kabisa palipolowa, kazi iko hapo.

Mimi naitwa Joel arap Koech. Nimetengeneza magari Sotik miaka mingi, na Kapsoit miaka michache mwishoni, mpaka magoti yakakataa kabisa kugusa sakafu. Sasa niko nyumbani na majani chai yangu na ng'ombe wawili, na nyinyi mnanijia hapa langoni na simu zenu, mnanionyesha video ya Mzungu akibadilisha gasketi ya sampu kwenye gereji ambayo sakafu yake ni safi kuliko meza yangu ya kulia. Mnaniuliza, mzee, hii tunaweza kufanya nyumbani? Mnaweza. Mimi nimeifanya nyumbani, kwenye nyasi, nyuma ya jiko la mke wangu Rael. Nitawaeleza inavyofanywa, na nitawaeleza pia ile moja ninayoijutia, maana nimezeeka na sitaki kuondoka nayo.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa fundi Kariuki. Kwao kulikuwa upande wa kati ya nchi, lakini alikuja Sotik kijana, akafungua gereji nyuma ya maduka, na alikuwa akiongea Kikipsigis kwa ulimi wa Kikuyu mpaka akina mama waliokuja kuuza maziwa walikuwa wakimchokoza kwa makusudi ili aongee tu wacheke. Mimi nilipofika kwake nilikuwa najua kuziba pancha za baiskeli, basi. Nilidhani kuziba pancha ni ufundi.

Wiki yangu ya kwanza alinipa kazi ya kumwaga mafuta ya zamani na kuweka mapya. Nikafungua plagi ya chini, mafuta meusi yakatoka, nikafuta mikono kwa tambara kama mtu mkubwa, nikapanda juu nikamimina mafuta mapya, debe zima. Nilikuwa nashangaa hii injini inavyokunywa. Kariuki akaja, akasimama, akatazama ule mto wa mafuta ya rangi ya asali ukielekea kwenye mtaro. Plagi ilikuwa juu ya tofali, nilikuwa nimesahau kuirudisha.

"Koech," akasema, "hiyo mtaro unaiwekea mafuta, inaenda safari gani?"

Hakunipiga, hakunifukuza. Aliniambia kwamba kuanzia siku hiyo, plagi yoyote nitakayofungua itakaa ndani ya kiatu changu mpaka nitakapoirudisha mahali pake. Jaribuni siku moja. Utatembea ukichechemea, kila hatua chuma kinakukumbusha kwamba kuna shimo umeacha wazi mahali. Sikuwahi kusahau plagi tena, na nilipokuwa na wanafunzi wangu nao walichechemea.

Sasa gasketi yenyewe. Siku hizo tulitumia kork, ile kitu laini kama kizibo cha chupa, ikiwa bamba moja pana. Gasketi iliyokatwa tayari ilikuwa ngumu kupata, kwa hiyo tulikata wenyewe. Unalaza bamba juu ya mdomo wa sampu, unachukua nyundo yenye kichwa cha mviringo, unagonga taratibu ukifuata ukingo. Usipige kwa nguvu, unabisha tu, tok tok tok, na ukingo wa chuma wenyewe unaikata kork kutoka chini. Kwa matundu ya bolti unaweka gololi ya bearingi juu ya tundu na kuigonga mara moja. Inatoka duara safi. Kariuki aliweza kukata gasketi nzima akiongea siasa na mteja, asiangalie mikono.

Kabla ya hapo kuna mambo ambayo video zenu zinapita haraka. Gari likae juu ya magogo, si juu ya jeki peke yake. Sisi tulitumia vipande vya mti wa bulugamu, vinene. Mwaga mafuta injini ikiwa na vuguvugu, si moto. Ukishusha sampu, igeuze, iangalie mdomo wake kwenye mwanga. Utaona penye matundu chuma kimevutwa juu, kwa sababu fundi aliyetangulia alikaza kama anafunga lango la ng'ombe. Weka ubao chini, gonga mpaka pawe sawa. Usiponyoosha mdomo, hata ukileta gasketi ya dhahabu itavuja. Na wakati wa kufunga, shika spana ya kumi kwa vidole viwili, anza katikati ukienda pembeni, upande huu na upande ule, mara tatu. Mimi mara ya kwanza nilikaza kwa mkono mzima mpaka kork ikaminyika nje kama unga wa mandazi, na Kariuki akaniambia, "Wewe una nguvu ya kuchimba choo, hapa tunataka nguvu ya kufunga kifungo ya shati."

Silikoni ya leo, ile gundi ya tyubu, ni nzuri, sikatai. Lakini mnaipaka kama siagi. Ile inayominyika ndani haipotei, inakatika, inaanguka kwenye mafuta, inaenda kuziba chujio, na injini inakufa kwa kiu mafuta yakiwa yamejaa. Nilimjua mwalimu mmoja aliyejitengenezea mwenyewe hapo nyumbani kwake, akamaliza tyubu nzima kwa sampu moja, akaenda Bomet akijisifu. Alirudi akivutwa na trekta. Paka utepe mwembamba, uache ukauke juu kidogo, ndipo ufunge. Na kwetu huku maliza kabla ya saa nane, mvua isikukute mdomo wa sampu ukiwa wazi. Mnaijua mvua ya hapa, haikosi ahadi.

Hayo ndiyo ya kazi, na mengine mtauliza. Sasa niwaambie kuhusu pikapu.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, uchaguzi ukikaribia. Maneno yalikuwa yamebadilika. Watu waliokuwa wakikaa benchi moja kwa Kariuki wakingoja magari walianza kuongea kwa kunong'ona akipita. Wengine walisema wazi kwamba waliotoka mbali warudi makwao. Waliosema hivyo walikuwa watu wetu, wengine nilisoma nao, na sitawaficha hilo. Karatasi za vitisho zikaanza kuokotwa milangoni. Kariuki akafunga gereji. Mke na watoto akawapandisha gari la abiria mapema, wakaenda kwao. Yeye akabaki, kwa sababu mama yake mzee alikuwa amevunjika nyonga mwaka uliotangulia na hakuweza kukaa wima kwenye kiti cha gari la abiria, wala kutembea zaidi ya kutoka kitandani mpaka mlangoni. Wenye magari ya kukodi walikataa kumbeba, waliogopa vioo vyao. Gari la kumchukua mama lilikuwa moja tu, ile pikapu ya Kariuki, akilazwa nyuma juu ya godoro.

Jumanne asubuhi, jua limeshatoka, nikasikia pikapu inapanda kwangu. Kariuki alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na mama yake amelala nyuma, amefunikwa blanketi na turubai. Nyuma yao, kutoka barabarani mpaka mlangoni kwangu, kulikuwa na mstari wa mafuta.

Rael aliuona kabla yangu. Alichukua majivu kwenye karai, akateremka akiyamwaga juu ya yale matone, moja moja, mpaka barabarani, maana mtu yeyote angeweza kufuata mstari ule kama anavyofuata nyayo za ng'ombe aliyepotea.

"Koech," Kariuki akaniambia, "mimi nataka kwenda leo. Nipe tu debe ya mafuta, nitaongeza nikienda."

Nikalala chini ya pikapu. Gasketi ya sampu ilikuwa imepasuka upande wa nyuma, kipande kizima cha kork kimetoka, na mafuta hayakuwa yakidondoka, yalikuwa yakimwagika. Nilimwambia hatafika hata Kericho, injini itanoki njiani na atabaki barabarani na mama yake. Huo ulikuwa ukweli. Nikamwambia anipe mpaka saa nane. Hakuweza kuitengeneza mwenyewe, kwa sababu nyuma ya jiko langu panaonekana kutoka njia ya wachumaji chai, na hakutaka mtu amwone pale. Mimi nilikuwa naonekana kila siku chini ya magari, hakuna wa kushangaa. Tukaifunika pikapu kwa turubai na majani ya napia, yeye na mama wakaingia ndani, mimi nikaanza kazi.

Kufika saa nne sampu ilikuwa chini. Plagi ilikuwa kwenye kiatu changu. Nikaingia chumbani, nikavuta kutoka chini ya kitanda bamba la kork lililokuwa limelazwa kati ya makaratasi mawili magumu lisivunjike. Nilikuwa nalo, vijana. Kariuki mwenyewe alilinunua Nakuru, akakata nusu akanipa. Nilikuwa nimelishika mkononi nilipoitwa nje.

Aliyeita alikuwa arap Sigei. Sigei alikuwa bakule wangu, maana yake tuliingia jandoni pamoja na kupona katika kibanda kimoja. Nyinyi wa siku hizi mnatahiriwa hospitalini likizo ya shule na kurudi nyumbani kuangalia mpira, sijui kama mtanielewa. Kwetu sisi, neno la bakule halipimwi. Ukianza kujiuliza kama bakule wako anasema kweli, ni kama umeanza kujiuliza kuhusu wewe mwenyewe. Na Sigei wakati huo alikuwa akisikilizwa na vijana wa upande wetu wote.

"Najua mgeni uko naye," akasema. Aliongea pole pole, akiangalia chini. "Sikuja na ubaya. Wazee wamekaa jana. Mpaka Jumapili hii kitu itakuwa imetulia. Mwambie fundi asiende. Akienda, wale wengine watasema ameogopa, watachukua gereji. Akikaa hapa kwako, hakuna mtu ataingia kwa boma ya bakule wangu."

"Una hakika?"

"Bakule," akasema tu, na hilo ndilo lilikuwa jibu.

Nikarudi ndani, nikarudisha lile bamba chini ya kitanda.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikwenda tu kumwambia Kariuki yale maneno ili aamue mwenyewe. Nilijua angesema asante, na bado angeondoka. Sikutaka aondoke. Nilikuwa na aibu kwamba watu wa kwangu ndio wanamfukuza mwalimu wangu, na nilitaka nilale siku chache halafu niamke aibu hiyo imeisha. Na kuna lingine ambalo si zuri: bila Kariuki ile gereji isingekuwa na mtu wa kusikiliza injini na kujua inaumwa wapi. Nilikuwa sijamaliza kujifunza. Nilimtaka kwa ajili yangu.

Nikamwambia, "Fundi, kork imekosekana. Nimetuma mtu Kisii."

"Kata ya karatasi."

"Ya karatasi haitashika pale nyuma. Wewe ndiye ulinifundisha."

Akanitazama. Akasema sawa.

Jumanne ikapita, Jumatano ikapita. Niliosha ile sampu kwa mafuta taa mpaka ungeweza kupikia ugali ndani yake, ili nionekane nina kazi. Kariuki alikuwa akinielekeza kutoka dirishani, sauti ya chini, pazia limefunguka kidogo tu. "Umenyoosha mdomo? Angalia ile kona ya nyuma. Geuza kwa mwanga." Nilikuwa namjibu ndiyo fundi, ndiyo fundi, nikigonga mahali palipokuwa pamenyooka tangu jana.

Mama yake tulimwita Cucu kama wajukuu zake walivyomwita. Alikuwa amewekwa jikoni karibu na moto, na Rael alimpa maharagwe ayachambue, akayachambua kwa ukali, akimwonyesha Rael kila jiwe alilopata kana kwamba Rael ndiye aliyelitia. Walikuwa hawana lugha moja ya kutosha lakini walicheka. Kila nikiingia kuchukua chai alikuwa akiniuliza, "Mwana, ngari imepona?"

"Bado, Cucu. Dawa yake iko njiani."

"Ipatie dawa, mwana. Mimi nataka kulala kwangu."

Usiku wa Jumatano Rael aliniambia neno moja tu. Alikuwa ameona bamba la kork wakati wa kufagia. Akasema, "Baba Chebet, hiyo kitu iko chini ya kitanda, fundi anajua?" Nikamwambia anyamaze, kwamba mambo ya wanaume yameshapangwa. Sijawahi kumwambia Rael anyamaze tena tangu siku hiyo.

Alhamisi kabla ya saa saba, Rael alikuwa amepeleka majani chai kwenye kituo cha kupimia. Alirudi akikimbia, bila kikapu. Alikuwa amesikia watu wanaulizana kuhusu pikapu. Kabla hajamaliza kuongea, Sigei akatokea kwenye uzio, jasho linamtoka.

"Toeni huyo mtu," akasema. "Watu wengine wamekuja na lori. Si wetu, hawanisikii."

Alisema si wetu. Nilisikia baadaye kwamba baadhi ya waliofika walikuwa wetu.

Nilisimama nikipiga hesabu ya fundi. Kukata gasketi, kupandisha sampu, bolti zote zile, mafuta, magogo yatolewe. Ni kazi ya saa mbili, hata nikikimbia. Sigei alisema tulikuwa na muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai. Kariuki alitoka nje, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, akaangalia pikapu yake imekaa juu ya magogo, tumbo wazi. Aliingia jikoni akachuchumaa mbele ya mama yake, akampa mgongo apande.

Mimi na Kariuki tulimbeba kwa zamu mpaka Kaplong, kwenye hospitali ya misheni, tukipita ndani ya chai ili barabara isituone. Wilibaro haiwezi kupita kati ya mistari ya chai, mnajua. Matawi yalikuwa yakimkwaruza miguu. Alikuwa mwepesi, lakini nyonga yake ilikuwa ikimuuma kila tukipanda, na alikuwa akiuma blanketi ili asilie kwa sauti. Saa nane mvua ikaja, ile yetu, na katikati yake mawe ya barafu. Kariuki alivua koti akamfunika kichwa. Mimi nilikuwa bado na plagi ndani ya kiatu. Ningeweza kuitoa, lakini sikuitoa.

Kwangu hawakuchoma nyumba. Sigei alisimama mlangoni na Rael, akawaambia wapite juu yake kwanza. Walivunja vioo vya pikapu vya pembeni wakaenda. Namshukuru kwa hilo, na alikufa nikiwa bado namwita bakule. Hakunidanganya. Alikuwa ameahidi kitu ambacho hakikuwa mkononi mwake, na mimi nikakiamini kwa sababu nilitaka kukiamini.

Misheni walimpokea Cucu vizuri, wakampa nguo kavu na kitanda. Lakini ile baridi ilikuwa imeingia kifuani. Siku ya pili alianza kukohoa, siku ya nne hakujua yuko wapi. Aliaga dunia Jumanne, wiki moja kamili tangu afike kwangu.

Siku iliyofuata askari walikuwa wameshaanza kupita barabarani na mambo yalikuwa yametulia kidogo. Kariuki akaja kwangu kwa miguu. Alisema anataka gari limbebe mama wakamzike kwao. Sikuweza kumwambia kork imetoka Kisii. Nilienda chumbani nikaivuta kutoka chini ya kitanda, nikaiweka juu ya sampu mbele yake. Upande mmoja wa bamba ulikuwa na ukingo alioukata yeye mwenyewe siku aliyonigawia, umepinda kidogo pale kisu kilipomteleza. Aliugusa kwa kidole gumba.

"Ilikuwa hapa," akasema.

"Ilikuwa hapa, fundi."

"Tangu Jumanne."

"Tangu Jumanne. Sikutaka uende. Sigei aliniambia itatulia, nikaona..."

Alinyanyua mkono ninyamaze. Akakaa juu ya gogo. Rael akaleta chai, ikapoa pale miguuni pake. Nilitaka anitukane. Nilitaka achukue spana anipige nayo, ningeshukuru. Mwishowe akavuta sampu akaiweka mapajani, akanyoosha mkono bila kuniangalia.

"Leta nyundo."

Akaikata yeye. Tok tok tok, kuzunguka ukingo wote, safari hii akiangalia mikono. Mimi nililala chini, yeye akanipa bolti moja moja. Tulikaza katikati kwenda pembeni, upande huu na upande ule, mara tatu, kwa vidole viwili. Nikatoa plagi kwenye kiatu nikaifunga. Tukamimina mafuta, akaiwasha, akaiacha ingurume mpaka ikapata moto, nami nikapitisha kitambaa cheupe kuzunguka mdomo wote wa sampu. Kilirudi cheupe. Katika maisha yangu yote ya kazi sijaona gasketi iliyokaa vizuri vile.

Akapanda. Nikamshika mlango. Nilimwambia nataka kwenda naye, nimsaidie njiani, nimsaidie kuchimba, nirushe udongo juu ya Cucu kama mtoto wake. Nilikuwa nalia, sikujali Rael ananiona.

"Baki, Koech," akasema, na hakuwa na hasira, hilo ndilo lililonimaliza. "Huko nyumbani wataniuliza wewe ni nani. Nitawaambia nini?"

Akaondoa breki akateremka pole pole kuelekea Kaplong, kwenda kumchukua mama yake. Hatukuonana tena. Nilipiga magoti pale ilipokuwa imesimama, nikatafuta tone la mafuta kwenye nyasi kwa mikono yote miwili. Palikuwa pakavu kabisa.